Kabla Chungu Hakijavunjwa

Benchi letu pale Tengeru lilikuwa ubao mmoja wa mpodo uliolazwa juu ya mawe mawili, mahali ambapo njia ya kupanda mlimani inaachana na barabara ya Moshi. Ulikuwa mwaka uliofuata vita, wiki ya kuelekea Pentekoste, nami nilikuwa likizoni kutoka Makerere, nikijiona nimesoma vya kutosha kuyagawa mambo yote ya dunia katika mafungu. Wenye benchi walikuwa watatu. Wa kwanza ni Kengele, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Sumari, mzee aliyepiga kengele ya kanisa la Kilutheri. Wa pili ni Bama, yaani Eliasi, aliyerudi kutoka vitani Burma na suruali mbili za kaki na maoni juu ya kila kitu. Wa tatu ni Roma, yaani Aristides, Mkatoliki pekee pale kijiweni, ambaye kwa sababu hiyo alilazimika kumtetea Baba Mtakatifu kila asubuhi kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Kahawa tuliuziwa na mtu wa Pangani tuliyemwita Birika. Sisi tuliilima, tukaiuza yote, kisha tukamlipa yeye atuonjeshe. Asubuhi hiyo hakuna aliyeketi akatulia, kwa kuwa habari ilikuwa imetufikia ikiwa bado ya moto: Eunike, mjane mshonaji aliyeibiwa cherehani, alikuwa ameazimia kuvunja chungu.

Kuvunja chungu ni hukumu ya zamani ya mlima ule. Mwizi asipojulikana, mwenye mali hupeleka chungu kwa mzee wa ukoo, kule juu karibu na msitu; maneno husemwa juu yake, kisha hupigwa chini. Kuanzia hapo kifo huingia nyumbani kwa mwizi, kikamchukua yeye na ndugu zake, hata walioolewa kwao. Kanisa lilikuwa limelikataza jambo hilo tangu babu zetu walipobatizwa. Mkristo akivunja chungu, hutengwa: haendi tena Mezani kwa Bwana, na kila Jumapili hukaa benchi la nyuma, watu wote wakimwona.

Bama: Leo ndiyo leo. Atapita hapa hapa na chungu chake. Birika, nijazie, nataka niwe macho.

Kengele: Akipita nitamzuia.

Bama: Utamzuia kwa kitu gani, baba? Kwa kamba ya kengele?

Kengele: Kwa Neno. Kisasi si chetu sisi.

Bama: Neno alikuwa nalo wiki tatu. Askari akaja, akalitazama dirisha, akamwambia, mama, leta jina la mwizi. Sasa angekuwa na jina, angemwita askari wa nini?

Roma: Na nguo za kipaimara zilikuwa zikishonwa kwenye cherehani hiyo hiyo. Gauni jeupe la binti ya dada yangu lilikuwa limefika kwenye mkono mmoja.

Kengele: Binti ya dada yako ni Mlutheri?

Roma: Dada aliolewa kwenu. Kila ukoo una msiba wake.

Tulicheka, na Kengele akacheka kwa shida, kisha akaweka kikombe chini ili azungumze kwa mikono yote miwili.

Kengele: Mimi nawaambia chanzo. Ni Shetani, lakini mjue amepitia wapi. Amepitia kwenye baiskeli. Tangu baiskeli ziingie Tengeru, watu wanafika kanisani wakihema, somo la kwanza hawalisikii. Mtu asiyesikia somo la kwanza, Shetani anamkuta mtupu.

Roma: Kwa hiyo waendao kwa miguu hawaibi.

Kengele: Wanaiba kidogo.

Bama: Sikilizeni mtu aliyetembea dunia. Chanzo cha wizi ni mfuko. Babu yako alivaa ngozi, ngozi haina mfuko. Akiokota kitu cha mtu, atakiweka wapi? Anakishika mkononi, kila mtu anakiona, anaona haya, anakirudisha. Mzungu akatuletea suruali. Sasa mkono unajua pa kujificha.

Roma: Cherehani haiingii mfukoni, Bama.

Bama: Mfuko ni shule. Unaanza na senti, unapanda darasa, unamaliza na cherehani.

Kengele: Na wewe una mifuko mingapi?

Bama: Minne. Lakini hii ni ya serikali.

Niliona wakati wangu umefika. Nikasafisha koo na kueleza, kwa mpangilio, kwamba kabla ya Mwingereza kuandika makosa katika vitabu vyake hatukuwa na wahalifu, tulikuwa na wakorofi. Kwamba sheria ndiyo inayozaa mhalifu, kama vile mpaka wa shamba unavyomzaa mvamizi. Na kwamba hata Mtume Paulo alielekea huko.

Bama: Mwalimu, kwa hiyo tukizichoma karatasi za Bwana DC, cherehani inarudi?

Nilisema kwamba hoja yangu ilikuwa ya jumla.

Bama: Basi iache huko huko Makerere. Hapa tuna wizi wa rejareja.

Roma: Mimi nitawaambia, ingawa mtakasirika. Chanzo ni ninyi Walutheri.

Kengele: Nilijua.

Roma: Subiri, mzee wangu. Huyo mwizi, tuseme jana usiku moyo umemchoma. Anataka kutubu. Kwetu anaingia kwenye kibanda, anamnong'oneza padri, anatoka. Kwenu lazima asimame mbele ya kanisa zima. Wazee mstari wa mbele, wanafunzi wa kipaimara mstari wa pili, na mama mkwe wake ametoa miwani anaifuta ili amwone vizuri. Wewe ungesimama?

Kengele: Aibu ni dawa.

Roma: Aibu hiyo ndiyo inayoifungia cherehani darini. Mtu anaweza kumvumilia Mungu. Mama mkwe, hapana.

Hapo hata Birika, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya Wakristo, alisema kwamba katika hilo dini zote ni moja. Bado tunacheka, Bama akanyanyuka nusu na kutazama barabarani. Eunike alikuwa anakuja. Kichwani alibeba chungu kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, mkono mmoja umekishika, mwingine unapunga kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuamua.

Bama: Shikamoo, mama.

Eunike: Marahaba. Shikamoo, baba Sumari.

Kengele: Marahaba, binti yangu. Keti. Pumzika kabla ya kilima.

Aliketi kwenye ncha ya benchi na kukiweka chungu kati yake na sisi. Nakumbuka kwamba wanaume wanne, bila kushauriana, tulisogea upande mmoja, ubao ukainuka upande wake, ikabidi Birika aje aukanyage.

Kengele: Eunike, usiende. Nakuomba kama baba yako.

Eunike: Niende wapi, baba? Nilikwenda kwa askari. Nilikwenda kwenye baraza la Mangi, wakaniambia nilete shahidi. Nilikwenda kwa Mchungaji, akaniombea, nikashukuru. Cherehani ile ndiyo shamba langu. Marehemu aliuza ng'ombe akaninunulia, akasema, hata nikitangulia hutaomba chumvi kwa mtu. Sasa naomba chumvi.



Kengele: Ukivunja, tutakutenga. Si mimi ninayetaka. Ni utaratibu.

Eunike: Najua. Jumapili mimi nitakuwa benchi la nyuma. Na mwizi atakuwa wapi?

Kengele aliokota kikombe chake kutoka chini.

Eunike: Atakuwa mbele, baba. Ni mtu wa hapa hapa, maana mbwa wangu hakubweka. Atapiga magoti Mezani, Mchungaji atampa mkate, nami nitakuwa nyuma namtazama mgongo. Huo ndio utaratibu?

Bama: Hapo umetupiga, mama. Afadhali aende jela.

Roma: Jela gani? Atavunja mawe miezi sita, atalishwa bure, atarudi anajua nyimbo mpya.

Bama: Basi viboko.

Roma: Viboko vinapona Jumatano.

Bama: Basi anyongwe.

Kengele: Kwa cherehani?

Bama: Nimejaribu tu kupanda ngazi, nione inafika wapi.

Kengele: Samehe, Eunike. Hata sabini mara saba.

Nikasema, kwa kuwa hesabu haiwezi kunipita nikanyamaza, kwamba hiyo ni mia nne na tisini.

Eunike: Asante, Mwalimu. Sijatumia hata moja. Na yeye hajaniomba hata moja. Namsamehe nani, ukuta?

Ndipo Bama, aliyekuwa upande wa chungu tangu asubuhi, akauliza jambo ambalo lilituharibia raha.

Bama: Mama, samahani. Hiki chungu kikivunjwa, kinachukua mpaka nani hasa?

Eunike: Mwizi. Watoto wake. Ndugu zake wa tumbo moja. Na walioolewa kwao.

Bama: Walioolewa kwao. Roma, dada yako ameolewa kwa akina nani?

Roma: Kwa akina Kengele.

Kengele: Na mke wangu ametoka kwa akina Bama.

Bama: Na kaka yangu amemwoa mdogo wake Eunike.

Niliokota kijiti nikaanza kuchora mavumbini: ukoo huu hapa, ukoo ule pale, mstari kwa kila ndoa. Wakainama wote, kila mmoja akiongeza mistari kwa kidole chake, wakisahau na kukumbushana kwa sauti ya juu, na kadiri mchoro ulivyokua ndivyo nafasi ya mtu kupona ilivyopungua. Tulijaribu mwizi awe wa kijiji cha Poli, mstari ukavuka mto. Tulijaribu awe wa Akheri, ukarudi na kupita sebuleni kwa Eunike mwenyewe. Mwishowe, kwa njia yoyote tuliyoifuata, waliobaki hai walikuwa Mhindi wa duka na Birika.

Birika: Mimi niuze kahawa kwa nani?

Roma: Kwa Mhindi.

Birika: Mhindi hunywa chai.

Eunike hakuutazama mchoro. Alikuwa akiyafunga upya majani ya mgomba yaliyolegea shingoni mwa chungu.

Eunike: Mnadhani sikuwaza hayo? Nimeyawaza usiku wote. Lakini mkiondoa askari, na baraza, na jela, na hiki chungu, mniambie mmenibakizia nini.

 Hapo ndipo tulipomwona Nashilu, mwanamke wa Kiarusha aliyeolewa upande wetu mwaka ule, ameshika kibuyu cha maziwa aliyokuwa anapeleka kwa wateja. Hakuwa mtu wa kijiwe. Alikuwa amesimama nyuma yetu kitambo, akisubiri tutoe miguu yetu njiani apite, na nadhani alikuwa amesikia zaidi ya nusu.

Nashilu: Yeyo, mama, shikamoo. Naomba kuuliza. Mimi bado niko darasa la ubatizo, mambo mengi sijayafikia.

Eunike: Marahaba. Uliza, mwanangu.

Nashilu: Huyo mtu, tuseme leo chungu kimevunjwa. Kesho asubuhi anakuja kwako na cherehani, analia, anasema nimetubu. Hicho chungu kitaungwa na nani?

Bama alimtazama Kengele. Kengele alinitazama mimi. Mimi nilitazama mchoro wangu, ambao ulikuwa na mistari ya kwenda tu. Roma, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu tangu enzi ya Petro, alinyoosha kikombe chake kwa Birika. Birika akaliinamisha birika, likatoa machicha.

Nashilu: Au niulize kwa Mchungaji?

Kengele: Hapana. Swali ni zuri. Ngoja kwanza.

Lori la mkonge lilipita kuelekea Moshi, vumbi likainuka na kushuka. Eunike alikuwa ameweka kiganja juu ya chungu kama mtu anayepima kama bado kina joto.

Eunike: Baba Sumari, Jumapili unafungua mlango wa kanisa saa ngapi?

Kengele: Saa moja. Kengele ya kwanza ni saa mbili.

Eunike: Nifungulie mapema kidogo. Nitakileta hiki.

Kengele: Kanisani? Eunike, binti yangu, huko tena.

Eunike: Nitakiweka kizingitini. Kizima. Mlango ni mmoja, kila mtu ataingia kwa kupita kando yake. Mwenye cherehani yangu atakiona, atajua nimekifikisha wapi na nimekirudisha kutoka wapi. Na nyumba yangu ina mlango wa nyuma, upande wa migomba. Akileta kwa kupitia huko, sitatoka kumtazama. Roma amesema kweli, si lazima mama mkwe awepo.

Roma alitaka kutabasamu, akaona bora asitabasamu.

Bama: Na asipoleta?

Eunike: Jumapili inayofuata kitakuwa pale pale.

Bama: Na ile nyingine?

Eunike: Mwalimu amesema mia nne na tisini. Jumapili hii ni ya kwanza.

Alisimama. Nashilu akaweka kibuyu chake chini, akamsaidia kukitwika chungu kichwani, na wale wanawake wawili wakashika njia moja, si ile ya kupanda msituni, bali ile ya kushuka kanisani na sokoni. Bama alisimama mpaka walipokata kona. Kisha nikamwona, bila kuambiwa na mtu, akitoa mikono yake mifukoni.

Kengele aliinama juu ya mchoro wangu, akiufuata mstari mmoja kwa kidole, akirudi, akiufuata mwingine.

Bama: Mzee, twende zetu, kahawa imekwisha. Kizingiti chenyewe unapita wewe kwanza, wewe ndiye mwenye ufunguo. Unaogopa nini, na hukuiba?

Kengele: Siogopi. Nahesabu mashemeji.