Mvua za Bi Sihaba na Ile Asilimia Ishirini

Uongozi na wafanyakazi wote wa Kituo cha Mazao Makurunge wanasikitika kuutangazia umma kwamba kuanzia tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, kituo hakitakuwa na mtu anayeweza kuliwasha jiko la chumba cha chai bila kulipiga teke. Mengine yataendelea kama kawaida, isipokuwa mvua, ambayo kwa mara ya kwanza tangu Julai 1992 haitapimwa na Bi Sihaba Bwanausi. Miaka thelathini na mitatu, jamani.

Alitoka Miono akiwa na miaka ishirini na mitano, begi moja, na shikamoo za kutosha kijiji kizima. Akakabidhiwa kipimamvua, bilauri ya kupimia na daftari. Tangu hapo, kila siku saa tatu asubuhi, Idi na Mfungo pamoja, ameinama pale uani kusoma kilichoanguka. Hakuwahi kukisia. Yapo maandishi yake ya mwaka 1998 yanayosema: milimita arobaini na moja, chura mmoja. Chura hakuhesabiwa kwenye jumla.

Wakulima wa Lugoba na Miono walimpigia simu kabla ya kupanda mahindi, naye hakuwapa ahadi, aliwapa madaftari. Aliwaambia miaka mingapi vuli iliwahi, mingapi ilichelewa, kisha akawaachia waamue na wake zao. Kuna mgeni mmoja kutoka makao makuu aliyetaka iandikwe kwamba mvua za ukanda wetu zimeongezeka, maana masika ya mwaka ule yalimlowesha viatu. Bi Sihaba alimjibu kwa adabu zote: “Mwaka mmoja si hali ya hewa, baba. Mwaka mmoja ni hadithi. Tuletee thelathini.”

Sasa nije kwenye la mwaka 2022. Wengi mnakumbuka. Bi Sihaba alikuwa amekwisha kuandika barua ya kustaafu kwa hiari akitimiza hamsini na mitano, kisha akaiondoa. Mkuu wa kituo akatutangazia kikaoni kwamba ameiondoa kwa mapenzi ya kazi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Haikuwa hivyo.

Mwaka 2014 alinifuata stoo, ninakokaa mimi na mbolea, akaniuliza swali la mtu mwenye akili: aweke kiasi gani kwa mwezi ili akifika hamsini na mitano awe na milioni ishirini, mbali na kiinua mgongo? Alitaka kujenga Miono, kando ya mama yake, Bi Kuruthumu, ambaye presha ya macho ilikuwa imeanza kumfifishia nuru. Kazi hakuichoka. Alitaka kurudi nyumbani wakati mama bado anamwona.

Siku hizo kompyuta inayojumlisha yenyewe ilikuwa kwangu tu, na cheo hicho kilinipanda kichwani. Nikaandika kwamba fedha yake itakua kwa asilimia ishirini kila mwaka. Niliitoa wapi? Shemeji yangu Masoud alikuwa amevuna mananasi Kiwangwa msimu ule, akapata faida ya asilimia ishirini, akanunua pikipiki na kuifunga maua. Basi. Mwaka mmoja, shamba moja, shemeji mmoja. Kompyuta ikasema laki moja kwa mwezi, kwa miaka minane, italeta karibu milioni ishirini. Nikamchapishia kwa rangi.

Na yeye, aliyemkatalia mgeni wa makao makuu, akaniamini. Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani jibu lilikuwa lile tulilolitaka sote wawili, na jibu la namna hiyo hakuna anayeliomba ushahidi wa miaka thelathini.

Aliweka laki yake bila kukosa katika mfuko wa uwekezaji usiogusa riba. Mfuko haukumdanganya: miaka mingine ulizaa kumi na tano, mwaka mmoja ulirudi nyuma, kwa wastani asilimia tisa. Lakini saruji na mabati navyo vilikuwa vikipanda, vikala nne kati ya hizo tisa. Ikabaki tano. Mwaka 2022 alipokwenda kuulizia vifaa vya ujenzi, fedha yake ilinunua kile ambacho siku ya hesabu yangu kingenunuliwa kwa milioni kumi na moja na nusu.

Nilijiandaa kutukanwa. Akaja stoo na madaftari yake, akayapanga juu ya magunia. “Husseni mdogo wangu, wastani wetu ni milimita elfu moja. Nionyeshe mwaka ulionyesha elfu moja.” Nilipekua mpaka adhana ya alasiri. Haukuwepo hata mmoja. Kulikuwa na mia sita, mia sita tena, kisha elfu na mia nne. Akasema mkulima hali wastani, anakula mwaka uliopo.

Tukaanza upya. Safari hii tuliandika asilimia tano, kisha akanilazimisha tujaribu na mbili, tuone kama bado ataweza kula. Laki moja ya kila mwezi ikawa laki mbili. Jawabu likatoka: miaka mitatu zaidi. Akaenda kuiondoa barua. Siku ya kikao, makofi yakilia, alinitazama mara moja tu. Hakumwambia mtu asilimia ishirini ilitoka kwa nani, wala hajamwambia hadi leo.

Ningemwambia tano tangu mwanzo, angeweka zaidi tangu mwanzo, na angekwenda 2022. Katika miaka hiyo mitatu Bi Kuruthumu alipoteza nuru yote. Bi Sihaba alikwenda Miono kila Jumamosi. Jumamosi moja mwaka jana, mama alimuuliza amevaa kanga gani.

Fedha imetimia, nyumba imeezekwa, na mama, alhamdulillahi, yupo, anamjua mwanawe kwa hatua zake. Dada Sihaba, ahsante kwa kila tone ulilotuandikia, na kwa jina langu ambalo hukulitaja; nimelitaja mwenyewe. Nenda kwa mama. Mwenyezi Mungu awape siku nyingi pamoja, nyingi kuliko hesabu yoyote itakayotoka stoo.

Husseni Ausi
Mtunza stoo