Skrubu ya Nne ya Revelian Kaijage

Baba Paroko, viongozi wa kigango na wa serikali ya mtaa, wanakwaya, majirani zetu wa Chanika, ndugu mliosafiri kutoka Muleba na wakwe zetu wa Machame, naomba utulivu wenu kwa muda mfupi, mimi ni Auleria, mdogo wake marehemu, ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa madai kwamba mimi ndiye nisiyelia mbele za watu, jambo ambalo tutalithibitisha hapahapa.

Ndugu yetu Revelian Kaijage alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Cyprian Kaijage na mama yetu Pelagia, ambaye yupo hapa leo, amekaa pale mbele, na ambaye kwa umri wake alistahili kuzikwa na mtoto huyu wala si kumzika. Alikuwa mtoto wa kukaa kimya na kuharibu vitu vya watu, maana kila alipoona sehemu tupu aliandika, na mama alipochoka kuchapa akaamua kumpa kazi, akampa msumari na nyundo amgongee jina lake kwa vitone kwenye matako ya sufuria, ili zikiazimwa kwenye harusi au msiba zirudi nyumbani, na kuanzia hapo kijiji kizima kikawa kinaleta sufuria kwetu, na hata leo, akina mama mnaopika kule nyuma, mkigeuza ile sufuria kubwa ya wali mtaukuta mkono wake.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Bukoba mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, hakuendelea zaidi kwa sababu baba alifariki mwaka huohuo, na mwezi Machi 1991 akaja Dar es Salaam kwa mjomba wetu aliyekuwa akiishi Temeke, akapata ajira katika karakana ndogo ya vibao kule Chang'ombe, akichonga na kupaka rangi vibao vya milango ya ofisi, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka karakana hiyo ilipofungwa mwaka 2006.

Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Gladness, binti wa Machame, ndoa iliyofungwa hapo Temeke, na Mungu akawajalia watoto wawili, Elibariki aliyezaliwa mwaka 1999 na Lulu aliyezaliwa mwaka 2004, na tangu siku ile kaka yangu alikuwa akisema kwamba Mchaga amemwoa yeye, wala si yeye aliyemwoa Mchaga, kwa maana kiwanja hiki cha Chanika ni Gladness aliyekitafuta, ni Gladness aliyesimamia ujenzi, na mwaka 2009 walipohamia marehemu alichoulizwa ni kimoja tu, meza yake ya kazi iwekwe chumba gani.

Kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo ilianza palepale karakana ilipofungwa. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa Mbagala, Bwana Albano, namwona pale, yeye na wenzake walikuwa wanajitengenezea amplifaya wenyewe, sanduku la plaiwudi, vyuma vya ndani vya redio zilizokufa, na zilikuwa zinalia vizuri tu, ila mbele palikuwa na safu ya nobu za kuzungusha zisizo na maandishi, hata mpiga gitaa akitaka kupunguza sauti anaongeza mwangwi, basi Albano akamwomba Revelian amtengenezee bamba la alumini la kukaa pale mbele, lenye maneno. Bamba hilo marehemu aliliita uso, akisema kitu kisicho na uso hakisalimiwi, na kwa miaka mingi nyuso zake zimekaa kwenye amplifaya za kwaya, za bendi za baa, za vijana wanaojifunzia uani, kuanzia Mbagala mpaka Kimbiji.

Hakuandika kwa kubahatisha, alimuuliza kila mteja anataka nobu zake ziitwe nini, wengi wakachagua SAUTI, BESI na MWANGWI kama watu wengine, lakini mzee mmoja wa Kimbiji aliomba ile ya sauti iandikwe USIZIDISHE kwa heshima ya mkewe, naye akaandikiwa. Maneno aliyachapisha steshenari kwenye karatasi yakiwa yamegeuzwa nyuma mbele, akaiweka karatasi kifudifudi juu ya alumini na kuipiga pasi ya moto, wino ukahamia kwenye bamba na maneno yakasomeka sawasawa, na pasi yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ya jirani yetu Bi Somoe, pamoja na blanketi lake la kupigia pasi. Siku moja marehemu alisahau karatasi juu ya lile blanketi, Bi Somoe akatandika kanzu ya mumewe Mzee Kondo na kupiga pasi bila habari, na Ijumaa ile Mzee Kondo alikwenda msikitini akiwa na neno BESI mgongoni, wenzake wakalisoma kila aliposujudu, na Bi Somoe alipokuja hapa uani alisema, mume wangu mshamfanya redio, leteni sasa na betri.

Na mara moja alisahau kugeuza maneno, ikawa uso wa amplifaya ya kigango umetoka kinyume, mtu ausome mpaka atumie kioo, wanakwaya wakacheka mpaka wakakaa chini, yeye akauchukua akaupigilia mlangoni kwake, na ndio huo mliouona asubuhi mkiingia.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata kwa mteja mwenye haraka. Uso una pembe nne na skrubu nne, yeye alikaza tatu, ya nne hakuigusa, mwenye amplifaya ilibidi aje mwenyewe, achomeke gitaa lake, apige wimbo anaoupenda, azungushe kila nobu na kusikia kama inafanya kile ilichoandikiwa, na akiridhika anapewa bisibisi aikaze ya nne kwa mkono wake, asiporidhika uso unafunguliwa na kazi inaanza upya, kwa sababu kaka yangu aliamini kwamba fundi hana haki ya kusema kazi imekwisha.

Sehemu inayofuata nilikuwa nimeiruka, na jana jioni mwanangu Elibariki ameniomba niirudishe, akasema, shangazi, ukisoma mengine yote ukaacha hilo, baba hatakuwa yeye, kwa hiyo naisoma kwa idhini yake.

Marehemu aligundulika na ugonjwa wa kisukari mwaka 2015, akatumia dawa, akapunguza ndizi kwa manung'uniko makubwa, lakini ugonjwa ukamwingia machoni, na hilo hakumwambia mtu, si mkewe, si mimi, akaendelea kufanya kazi kwa kupapasa na kwa mazoea. Jumapili tarehe 19 Juni 2022 ilikuwa jubilei ya kigango chetu, na kulikuwa na nyuso mbili mezani kwake zenye matundu yanayolingana, moja ya kwaya na moja ya bendi ya Albano, mpangilio wa maneno ukiwa tofauti, naye akazibadilisha bila kujua, na safari hii, kwa kuwa muda ulikuwa umebana na mpigaji alikuwa mwanawe, skrubu ya nne ilikazwa bila kusikilizwa. Baada ya komunyo, kanisa likiwa kimya, Elibariki alitaka kushusha sauti ya gitaa, akazungusha nobu iliyoandikwa SAUTI, amplifaya ikapiga yowe, akazungusha nyingine, ikazidi, watoto wakaanza kulia, mpaka mtu mmoja akaichomoa ukutani. Nje ya kanisa, mbele ya wanakwaya wote, Elibariki aliufungua ule uso kwa kisu, akampa baba yake mkononi na kumwambia, baba, hata huoni, basi acha.

Kwa maneno hayo ndipo sisi sote tulipojua kwamba haoni.

Mwezi uliofuata Elibariki alikwenda Arusha kupiga gitaa kwenye hoteli, alikuwa akimpigia simu mama yake na dada yake, hakuomba kuongea na baba yake, na baba naye hakuomba apewe simu, miaka miwili na zaidi, nami nilimwambia kaka yangu kwamba ukaidi huo ni wa Kihaya na hauna dawa hospitali, akanijibu kwamba mtoto alisema kweli, na ukweli haumdai mtu msamaha, mie nikakasirika nikaondoka bila kunywa chai.

Mwaka jana mwezi Mei figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda kusafishwa damu, na ndipo alipomwita Lulu amletee bamba la alumini, nyundo na msumari. Akalilaza kifudifudi, akaanza kugonga vitone kutokea nyuma, kama sufuria za mama, ila sasa kila herufi aliiandika kinyume ili upande wa mbele ivimbe na kusomeka kwa kidole, kwa hiyo lile kosa la mlangoni lililotuchekesha miaka yote ndilo lililokuja kumwongoza mikono. Aliharibu mabamba mengi, mengine aliyatupa kwa hasira yakamkosakosa kuku wa Bi Somoe, siku za kutoka hospitali alikuwa hawezi hata kushika nyundo, lakini mwezi wa Januari uso ukakamilika, herufi zimepinda, hazipo kwenye mstari, na zote ni sahihi, nimezipapasa mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Ile nobu ya sauti hakuiandika SAUTI, ameiandika ONGEZA, kwa sababu Elibariki alipokuwa mtoto mdogo alikuwa akikaa juu ya meza ya kazi, baba yake akijaribu amplifaya za watu, naye akipiga makofi na kupiga kelele, ongeza, baba, ongeza.

Alikataza kabisa Elibariki asiambiwe habari za figo, akisema kama atakuja, aje kusikiliza kazi, asije kutazama mgonjwa, na sisi tukatii, sijui kama tulifanya vema, tulitii. Jumatatu tarehe 10 Februari mwaka huu alimwambia Lulu, mpigie kaka yako, mwambie iko tayari, skrubu yake inamsubiri. Lulu akapiga, Elibariki akajibu kwamba Alhamisi atafika, na kaka yangu alipopewa jibu hilo akaomba anyolewe ndevu.

Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi, hali yake ilibadilika ghafla, tukamkimbiza hospitali, na saa saba mchana akafariki dunia. Elibariki alikuwa anapanda basi kesho yake alfajiri, na kama ilivyo desturi yetu ya kutomwambia msafiri msiba akiwa njiani au akijiandaa kuondoka, tulikubaliana anyamaziwe mpaka afike, hivyo akaja, akashuka kwenye bodaboda pale kona na gitaa lake mgongoni, akakuta maturubai na viti, akawauliza wale vijana wa kupanga viti, nyumba hii kuna nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa mkali, majirani wote, na kwa namna ya pekee Mzee Kondo na Bi Somoe, ambao hawajalala kwao tangu Jumatano, wanakwaya wa kigango, Bwana Albano na wapiga gitaa wote mliokuja, wengine na bisibisi mfukoni, tumewaona, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Chang'ombe, na wifi yangu Gladness, uliyekuwa macho yake bila kumwonesha kwamba unajua ni kiasi gani amepoteza, hatuna cha kukulipa.

Kaka Revelian, leo jeneza lako litafungwa skrubu zote, hakuna atakayekuuliza kama umeridhika, na mimi niliyesifiwa kwa kutolia nimeshindwa, kama wanavyoona. Lakini ile amplifaya uliyoivika uso wako wa mwisho ipo sebuleni na skrubu zake tatu, ya nne ninayo hapa kwenye pindo la kitenge changu, umeniachia Jumatatu, na Baba Paroko ameturuhusu kwamba tukirudi kutoka makaburini mwanao achomeke gitaa, apige wimbo wake, asikilize kila nobu, na akiridhika nimpe. Na ile ya ONGEZA, aizungushe mpaka mwisho, majirani watatusamehe.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, mteja wako amefika.