Nafasi Mbili Kwenye Ubao wa Mashujaa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu wetu, mzee mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu, walimu mlionifundisha mimi na ndugu zangu, wazazi, wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa nafasi, na wewe baba, ambaye leo umelazimishwa kuketi kiti cha mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Ratiba ya hafla hii ya kumuaga baba kazini inasema nina dakika mbili za kutoa shukrani za familia. Mama alitaka niseme mimi kwa kuwa ni kitindamimba, na ndimi niliyemaliza shule hapa mwezi uliopita. Baba aliniambia, "Sema asante, kisha ukae." Asante hiyo nilikuwa nimeiandika. Lakini nimewasikiliza waliotangulia, na ile karatasi nimeikunja.

Mzee mwenyekiti, umesema kwa maneno mazuri kwamba kwa miaka thelathini na mitatu fundi wetu wa madawati hakuwahi kulalamika. Watu wakapiga makofi. Naomba radhi kukusahihisha mbele za watu. Mimi ni mtoto kwako, na sikulelewa hivyo. Lakini amelalamika. Amelalamika kila mwaka, kwa barua, kwa kamati yako. Najua kwa sababu tangu nikiwa darasa la nne mwandishi wa barua hizo ni mimi. Yeye husema huku akipiga randa, mimi huandika huku nikipuliza vumbi la mbao kwenye karatasi. Mnaoujua mwandiko wake kwenye migongo ya madawati mtaelewa kwa nini.

Barua hizo zilihusu nini? Tafadhali geukeni mtazame ubao ulio nyuma yenu, juu ya mlango. Hayo ni majina ya wanafunzi wa shule hii waliokufa vitani. Jua la dirishani linapoupiga ubao ule kwa ubavu, kati ya jina la nne na la tano mtaona sehemu iliyobonyea kidogo, inayotosha majina mawili. Moja lilikuwa la baba yangu. La pili lilikuwa la rafiki yake, waliyekaa naye dawati moja, ambaye shule nzima ilimwita Saa Mbovu kwa sababu hakuna siku kengele ilimkuta amefika.

Walikwenda vitani pamoja. Kikosi chao kilizingirwa kwenye daraja, wakakaa siku tatu bila maji, risasi zikaisha, na ofisa wao akawaamuru waweke silaha chini. Naomba mlisikie neno hilo: akawaamuru. Walifungiwa kwenye ghala la magunia kwa miaka mitatu. Asubuhi na jioni walipangwa mstari wahesabiwe, na hesabu ikipungua wote walisimama juani mpaka itimie. Hata huko Saa Mbovu alikuwa wa mwisho kufika mstarini. Wenzake walipomgombeza aliwaambia, "Tulieni, jamani. Hata kufa nitachelewa."

Hakuchelewa. Alikufa kwa homa mwaka wa pili. Asubuhi ile hesabu ilipungua mmoja, walinzi wakadhani ametoroka, na watu wakasimama juani mpaka baba aliponyoosha mkono na kusema kwamba yupo ndani, amelala, na hataamka.

Huku nyumbani hakukuwa na habari. Shule iliwahesabu wote wawili kuwa wamekufa, ikachonga majina yao. Vita vikaisha, baba akarudi, akaja hapa kuomba kazi, akapewa. Je, mnajua kazi yake ya kwanza katika shule hii ilikuwa ipi? Alipewa ngazi na patasi, akaambiwa ayaondoe majina yale mawili. Lake, kwa kuwa yu hai. Hilo aliliondoa akicheka. Husema ni wachache waliopata kujifufua kwa patasi. Na la rafiki yake, kwa kuwa kamati iliamua kwamba ubao ni wa waliokufa wakipigana, na huyu alikufa mikono mitupu. Hilo lilimchukua siku nzima.

Mikono mitupu. Huko ndiko lilikotoka jina ambalo baadhi yenu mmemwita baba yangu mtaani, sokoni, na hata mlangoni mwa karakana, mkidhani hasikii: Mikono Juu. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuta jina hilo limenitangulia. Kila nilipotaka kujibu swali nikanyoosha mkono, mtu nyuma yangu alisema taratibu, "Kama baba yake." Darasa likacheka. Nikaacha kunyoosha. Walimu wangu, kwenye ripoti zangu mliandika kwamba najua lakini sishiriki. Sasa mmejua sababu.

Nauliza, mtu aliyetii amri ana kosa gani? Na aliyefia ghalani, mbali na mama yake, kwa vita ambavyo hakuvianzisha yeye, alikufa kidogo kuliko wengine?

Niwaambie ni mtu gani mnayemwita hivyo. Nyumba yetu ina milango sita, yote ameitengeneza yeye, na hakuna wenye komeo isipokuwa wa choo. Huo ni kwa sababu mama alitishia kurudi kwao. Mtoto akichelewa kutoka shule, baba humfuata barabarani na vumbi la mbao kichwani, na akimwona hagombi. Hugeuka tu, wakarudi pamoja. Na kila tukikaa kula, yeye husimama kwanza mlangoni na kutuhesabu kwa penseli yake ya useremala. Sisi ni watoto watano. Na wazazi, saba. Yeye husema nane. Tulimcheka miaka mingi. Siku moja kaka yangu mkubwa akamwambia, "Baba, hesabu yako imezidi."

Baba akamjibu, "Iache izidi. Ikipungua, mimi ndiye ninayejua inavyokuwa."

Mtu huyu amemhesabu rafiki yake mezani kwake kila siku, tangu kabla mimi sijazaliwa, na shule iliyomfundisha rafiki huyo kusoma imeshindwa kumhesabu hata mara moja. Katika barua zetu zote tulijibiwa moja tu, kwa mstari mmoja: suala hili limeshafungwa. Limefungwa na nani? Na huyo aliyelifunga alikuwa wapi siku zile tatu darajani?

Leo mmempa baba saa ya ukutani. Ni nzuri, ataitundika, na tunashukuru. Lakini si saa aliyoiomba.

Nimesoma kanuni za shule zilizobandikwa kwenye mlango wa ofisi. Zinasema ubao ule uko chini ya mkutano wa wazazi na walimu, si chini ya kamati, na kwamba mkutano huamua kwa kunyoosha mikono. Wazazi mpo. Walimu mpo. Mwalimu mkuu, ambaye ndiwe msimamizi wa mkutano huo, upo, na nakuomba kwa adabu zote usiniambie nisubiri barua.

Baba, najua umeinamisha kichwa na unatamani nikae. Nakaribia kukaa. Jina lako hukuomba lirudi, nami siliombi. Naomba la Saa Mbovu. Patasi yako ninayo mfukoni, kuitumia umenifundisha mwenyewe, na ngazini nitapanda mimi.

Anayekubali anyooshe mkono, juu kabisa, bila aibu. Wa kwanza ni huu wangu. Ukumbi huu haujauona kwa miaka minne.

Baba, inua kichwa. Kazi hii umeizoea wewe, tuhesabie. Ukifika mwisho, ongeza mmoja kama kawaida yako. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, na mniwie radhi: sitakaa mpaka hesabu itimie.