Daraja la Tatu la Mtaa wa Chumvi

Benchi la Mtaa wa Chumvi, upande wa mashariki wa mji wa Suzhou, ni mlango wa duka uliong'olewa zamani ukalazwa juu ya matofali. Mwenyewe ni Yin Yuezhen, anayeitwa Konokono, kwa sababu utotoni aliwabandua konokono kwenye mawe ya mfereji haraka kuliko mtoto yeyote wa rika lake. Baba yake alikuwa na jiko la maji moto la mtaa mzima. Yeye ana birika la umeme na thermosi mbili, lakini asubuhi ya wazee haianzi bila chai yake ya majani mabichi. Wateja wake hawalipi na hawaondoki. Yupo Lu Boming, au Redio, ambaye hajapata kuzimwa. Yupo Fei Daoliang, au Kepteni, aliyeendesha tishari, mashua pana za kusafirisha mchanga, mpaka macho yalipomgomea. Na yupo Shen Quansheng, ambaye watu wamesahau jina lake na kumwita Bata, kwa vile alikulia majini. Kila siku hubishana juu ya kitu ambacho hakipo tena. Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne Bata alifika na mwavuli wa manjano wa karatasi ya mafuta kwapani, akaketi pembeni kabisa kama mgeni.

— Mvua iko wapi? — Redio aliuliza, akitazama mbingu safi.

— Leo mtoto wa Xinyi anatimiza mwezi.

Redio akasogea kumpa nafasi. Mtoto akitimiza mwezi, mjomba humbeba chini ya mwavuli, akavuka naye madaraja matatu kabla ya adhuhuri, bila kurudia daraja alilokwisha kuvuka. Hivyo ndivyo mtoto anavyotambulishwa kwa mji. Lakini Xinyi alizaliwa peke yake, kama wenzake wote wa umri ule, enzi ya amri ya mtoto mmoja, na mwanawe hana mjomba. Kazi ikapanda ngazi moja, ikamwangukia mjomba wa mama, yaani Bata.

— Basi kuna nini? — alisema Konokono, akimmiminia. — Mtoto mwenyewe mwepesi kama kikapu cha pamba. Unavuka Daraja la Sindano hapa mwanzoni mwa mtaa, unavuka Daraja la Ng'ombe kule mwishoni, na katikati unavuka…

Akaishia hapo, birika mkononi.

— Sasa umeelewa, — Bata alisema.

Katikati lilikuwa Daraja la Chumvi. Bado lipo, ila halionekani. Zamani, mwaka ule mji ulipochimba mahandaki ya kujikinga na mabomu, udongo uliotoka ardhini ulihitaji pa kwenda, ukamwagwa katika mfereji wao. Wote wanne walikuwa wanafunzi. Waliubeba udongo huo kwa vikapu na mizegazega ya mabegani, wakiimba, na hakuna aliyejiuliza kitu, kwa sababu siku hizo hapakuwa na masomo na mchana kulikuwa na mikate ya mvuke. Daraja lilikuwa la mawe, gumu kuvunja, basi wakaling'oa kingo tu, wakalizika likiwa limesimama. Juu wakatia lami. Mfereji ukawa barabara, na kuvuka daraja siku hizi ni kuvuka barabara tu, mradi ujue pa kuvukia.

Xinyi mwenyewe, alipotimiza mwezi, alivushwa madaraja mawili tu. Mama yake, dada wa Bata, hakulisamehe jambo hilo. Xinyi akipata mafua, ni daraja la tatu. Akianguka hesabu, daraja la tatu. Mwaka juzi, siku zake za mwisho hospitali, dada huyo alimshika Bata mkono akamwambia mjukuu wake atavuka yote matatu, na Bata akakubali upesi, wala hakumwuliza daraja lilikuwa wapi hasa. Alidhani anajua.

— Unajua lilivyokuwa, — Kepteni alisema.

— Lilivyokuwa najua vizuri sana. Tumboni mwake kulikuwa na yungiyungi lililochongwa katika jiwe la katikati, limeota ukungu upande mmoja. Mbayuwayu walijenga kwenye ufa wa kushoto. Ukipiga kelele chini yake, sauti inakurudia imekuwa nzito, kama baba yako.

— Basi lilikuwa wapi?

— Nilikuwa majini, Kepteni. Mtu akiwa majini hahesabu milango ya maduka.

Konokono akaweka birika chini kwa uamuzi.

— Mnajisumbua bure. Lilikuwa mbele ya jiko letu. Hapo kwenye duka la miwani.

— Hapo? Kuna nini hapo?

— Kuna magoti yangu. Nilipeleka maji moto ng'ambo kila jioni, thermosi huku na thermosi huku. Nikitoka mlangoni tu, kupanda kunaanza. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la miwani goti hili linaniuma.

— Goti hilo linakuuma kila mahali, dada, — Redio alisema. — Juzi lilikuuma umekaa. Sikilizeni. Lilikuwa kwa kinyozi, na mimi nina ushahidi.

— Tumekwisha, — Kepteni alisema.

— Mnakumbuka boti za samadi? Zile zilizopita alfajiri kukusanya uchafu wa vyoo vya mtaa kupeleka mashambani? Mimi nilisimama juu ya daraja, boti ikapita chini, nami nikajisaidia, haja ndogo, kutoka juu. Ikaingia botini sawasawa. Mwenye boti akainua uso, akaniambia, "Asante, mwanangu, leo wamenipa kidogo."

Kepteni alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

— Na kinyozi anaingiaje?

— Baba yangu alikuwa ananyolewa. Aliona yote. Alinikamata na sabuni ingali shavuni. Mtu aliyepakwa sabuni hawezi kukimbia mbali, kwa hiyo daraja lilikuwa mbele ya kinyozi.

— Kinyozi huyo alihama mara mbili, — Konokono alisema.

— Alihama yeye. Kosa langu halikuhama.

Bata naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye pembe ya mtaa. Xinyi na mumewe walikuwa wamemwambia wako kwenye treni. Kutoka kituoni si mbali.

— Wote wawili mko sawa, na wote wawili mmekosea, — Kepteni alianza, na wenzake wakajiegemeza, maana Kepteni akianza hivyo hafiki bandarini mapema. — Nyinyi mnalitafuta kana kwamba ni nyumba. Daraja la mawe linakaa juu ya magogo, magogo yanakaa juu ya tope, na tope la mji huu linavutwa na ziwa. Mimi nimepita chini ya madaraja maisha yangu yote. Yanasogea. Ukirudi safari inayofuata, lazima ubadilishe usukani kidogo.

— Hayo yalikuwa macho yako, — Redio alisema.

— Macho yaliharibika baadaye. Daraja lilianzia kwa Konokono. Redio alipokuwa na haja, lilikuwa limefika kwa kinyozi. Sasa hivi litakuwa posta.

— Limeenda kutuma barua, — Konokono alisema.

— Cheka tu. Mfereji ukifukiwa, tope halijui kuwa limefukiwa.

Bata aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mtu mwenye shida husikiliza hata upuuzi kwa adabu.

— Kwani ni moja? — Redio aliuliza ghafla.

— Moja nini?

— Daraja. Bata, wewe uliyekuwa chini, sema. Maji yakitulia, uliona madaraja mangapi?

— Mawili, — Bata alikiri. — La juu na la majini. Yakikutana yanafanya duara, na mimi napita katikati.

— Basi. Tuliambiwa tufukie kilichokuwa mferejini, tukafukia. Kilichokuwa mferejini ni lile la majini. La juu lilipelekwa kwingine na hatukuambiwa.

— Wewe Redio, nani anaweza kuzika kivuli?

— Tulikuwa watoto na tulifanya bidii sana.

Ni Kepteni aliyesimama kwanza. Alisema maneno yametosha: mtu wa tishari hujua tumbo la chombo kwa kuligonga, na daraja lililozikwa likiwa limesimama lazima liwe na uwazi chini. Akavuka njia ya miguu, akashuka barabarani mbele ya duka la miwani, akapiga lami kwa kisigino. Konokono akamfuata. Redio akaenda kupiga mbele ya kinyozi, ambako, alitangaza, palikuwa panalia kama ngoma. Bata alikaa na mwavuli wake kidogo, kisha naye akaenda, akapiga lami, akainamisha sikio.

Alisikia barabara. Ilikuwa barabara nzuri, imeshindiliwa vizuri, na sehemu fulani waliishindilia wao wenyewe.

Kijana mmoja mwenye pikipiki ya umeme, mzigo wa chakula mgongoni, akafunga breki.

— Wazee wangu, mmepoteza nini?

— Daraja, — Konokono alimjibu, bila kuacha kupiga.

Kijana alitazama simu yake, akaigeuza kushoto na kulia, akasema kwenye ramani halipo, akaondoka polepole akigeuka nyuma.

Na hapo ndipo Xinyi alipowakuta: wazee wanne wamesambaa barabarani, kila mmoja anapiga mguu wake mahali pake. Alikuwa amembeba mtoto kifuani, kichwa kimenyolewa kikabakizwa kishungi kidogo mbele. Mumewe alifuata na kapu la mayai yaliyopakwa rangi nyekundu. Xinyi aliwasalimu mmoja mmoja kwa kufuata umri, hakukosea, mama yake alikuwa amemfunza.

— Mjomba, tumeshafika. Mmeanza bila sisi?

Bata alifungua mwavuli ili apate cha kufanya kwa mikono.

— Mwanangu, la kwanza tunaliona pale. La mwisho tunaliona kule. Hili la katikati…

— Lipo kwangu, — Konokono alisema.

— Kwa kinyozi, — alisema Redio.

— Linaelekea posta, — alisema Kepteni, — kama halijapita.

Wote watatu wakamweleza kwa pamoja. Wenye maduka wakatoka. Muuza miwani alisema marehemu bibi yake alilitaja daraja penye duka la chai. Mwenye duka la chai akakana: kwake palikuwa na ngazi za kufulia nguo, daraja lilikuwa karibu na mti wa mkafuri. Mama mmoja dirishani akauliza mkafuri upi, ule uliokatwa au ule uliopo, na hapo kelele ikapanda orofa mbili.

Xinyi alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mjomba wake, aliyeshika mwavuli usiomfunika mtu yeyote.

— Nimesikia lilipo, — alisema taratibu. — Sasa niambieni jambo moja tu. Ni wapi ambapo halipo?

Redio alifungua kinywa. Alitazama mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kinyozi, duka la miwani, duka la chai, mikafuri yote miwili, posta. Akafunga kinywa. Kepteni alijikuna kidevu. Konokono akanyoosha kidole mahali fulani, akafikiri, akakirudisha.



Bata ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega. Akanyoosha mikono.

— Nipe mtoto.

Walivuka Daraja la Sindano, wakateremka, wakageuka kuingia Mtaa wa Chumvi. Bata akiwa na mtoto, Kepteni akiwa na mwavuli juu yao, walivuka barabara mbele ya duka la miwani. Wakasogea hatua chache, wakavuka tena kurudi upande huu. Wakasogea, wakavuka. Mbele ya kinyozi, mbele ya duka la chai, penye mkafuri uliopo, penye mkafuri uliokatwa. Redio alitangulia akisimamisha magari kwa mkono ulioinuliwa, na dereva wa basi aliyetaka kupiga honi alipewa yai jekundu dirishani akatulia. Muuza miwani akafunga duka akafuata. Mama wa dirishani akashuka na ndala. Kila aliyewahi kuwa na daraja lake alitaka livukwe, na yaliyokuwa yanabishaniwa kwa ukali yakawa yanaombwa kwa upole: na hapa pia, bwana Shen, hapa pia kidogo.

— Tumekiuka mila? — Xinyi aliuliza, akitembea kando yake. — Tunavuka na kurudi.

— Haturudii mahali. Kila mara ni daraja lingine.

— Mama angesemaje?

— Angesema tumechelewa, tutembee haraka.

Kufika posta jua lilikuwa bado halijafika katikati. Bata alisimama ukingoni akapumzika. Alikuwa amevuka mtaa wa utoto wake mara nyingi zaidi asubuhi ile kuliko mwaka mzima uliopita, na mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Mahali fulani huko nyuma, chini ya mguu wake mmoja au mwingine, lile yungiyungi la mawe lilipita. Hakujua ni wapi. Mtoto naye, aliyelipitia usingizini, hakujua. Lakini alikuwa ameshavuka, na akipata mafua, daraja la tatu lisingeweza tena kulaumiwa.

— Alikunja uso kwa kinyozi, — Redio alisema nyuma yake. — Nilimwona mimi. Mtoto anahisi.

— Alikunja uso kwa sababu alikusikia wewe, — alisema Konokono. — Penye duka la miwani alipiga miayo. Mtu hupiga miayo akishapanda ngazi.

— Na hapa posta, — Kepteni alisema, — ameshaanza kufumbua macho.

Wote wakainama kutazama chini ya mwavuli. Kweli alikuwa amefumbua. Aliwatazama wazee mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu asiyetaka kumhukumu yeyote, kisha akalowesha nguo.

— Haya, — Bata alisema, akimkumbatia vizuri zaidi. — Limebaki moja, lile la Ng'ombe.