Kitufe cha Makochi Kimegoma

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu wa kuazima, limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, mkabala na birika la Mama Kahawa. Asubuhi hiyo Makochi, fundi wa viti, alikuwa ameinamia simu mpaka kahawa yake imepoa. Mkewe ana ujauzito wa miezi saba, miguu imemvimba, na simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kwa hiyo kazi ya kumtafutia nafasi ya kliniki ilimwangukia yeye. Mwezi uliopita alisahau, na mke akamnunia, mpaka majirani wakamnunia. Leo nafasi zinafungwa saa sita, na kwenye programu ya hospitali kitufe cha Kliniki ya Wajawazito kimekuwa cha kijivu. Ukikibonyeza, ni kama umebonyeza ukuta.

– Hicho kimepauka kwa jua, alisema Spana, mwenye karakana. Simu unaianika dirishani kila siku.

– Jua gani linachagua kitufe kimoja, vingine vyote kijani? aliuliza Mama Kahawa.

– Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, alijibu Spana.

Hakuna aliyejua maradhi yameingiaje hapo, ila wote waliitikia kwa kichwa.

– Achana na jua, alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Nafasi wameshagawana wenyewe kwa wenyewe. Wamekipaka kijivu ili usijue.

– Si wangekiondoa kabisa? aliuliza Spana. Kitu hakifanyi kazi, kimekaa hapo cha nini? Unamwonyesha mtu mkate halafu unamwambia hauuzwi.

– Wakikiondoa, Makochi atajuaje kama kliniki ipo? alisema Mama Kahawa. Atadhani hospitali yote ni ya meno.

– Bora adhani. Kukiona na kukikosa ndiko kunakouma.

– Jamani, saa tano imeshapita, alisema Makochi.

Redio akashusha sauti.

– Ngoja nikwambie ukweli, ndugu yangu. Simu za siku hizi zinamjua mtu. Imekumbuka ulivyosahau mwezi uliopita. Imekufungia.

Katika yote yaliyosemwa, hili ndilo lililomwingia Makochi, maana lilimgusa palepale alipokuwa anaumwa.

– Iombe radhi, alishauri Spana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtu mzima na ndevu zake akakisogelea kioo, akanong'ona: – Nisamehe. Sitarudia.

Kitufe kikabaki kijivu.

– Sema kwa sauti, alisema Redio. Hiyo simu ni ya zamani.

Hapo ndipo dada mmoja, mgeni pale kijiweni, mtoto mgongoni na chupa ya chai mkononi, alipomaliza kujaziwa kahawa. Alikuwa amesimama akisikiliza.

– Samahani kaka, hebu nione.

Akapandisha ukurasa kwa kidole.

– Hapa juu wameuliza mgonjwa ni nani. Umeandika jina lako. Mwanamume, miaka arobaini na moja.

– Ndiyo. Kwani simu si yangu?

– Sasa mwenye mimba ni nani?

Hata Redio alizimika.

Makochi akafuta jina lake, akaandika la mkewe, akachagua mwanamke. Kitufe kikawa kijani palepale, na nafasi ikapatikana, Alhamisi asubuhi. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alipoinua kichwa ashukuru, dada alikuwa ameshavuka barabara.

Akampigia mkewe kupitia simu ya jirani.

– Nimepata, mke wangu. Alhamisi. Na nitakupeleka mwenyewe.

– Afadhali, baba. Moyo ulikuwa juu. Sauti ya mkewe ililainika, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Lakini mbona imekuchukua toka asubuhi? aliuliza. Kwani tatizo lilikuwa nini?

Makochi akamtazama Redio. Redio akamtazama Spana. Spana akakigeuza kikombe chake juu chini, akakitikisa.

– Mama Kahawa, alisema, hivi kahawa imekwisha?