Karani Aliyesoma Faili Kuanzia Nyuma

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja: mwezi wa nne mwaka huu niliingia masjala ya mahakama nikiwa nimevaa sweta ya shule nje ndani ili nembo isionekane. Aliyenipokea dirishani ni karani mkuu wa masjala, ambaye Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wasifu huu wa sherehe ya kumuaga alipangiwa mama mdogo, aliyeajiriwa hapo mwaka jana kama mpiga chapa. Akanitupia mimi. Alisema aliyesomeshwa kwa lugha mbili hawezi kushindwa na wasifu, na kwamba nisisahau tarehe. Tarehe nimeiweka.

Mstaafu wetu alianza kazi akiwa tarishi. Alibeba faili kwapani kutoka masjala hadi chumba cha hakimu, ngazi arobaini na mbili kupanda na arobaini na mbili kushuka. Wenzake wanasema alizihesabu siku ya kwanza na hajazisamehe mpaka leo. Akawa msaidizi, kisha karani, kisha karani mkuu. Mwaka ule paa lilipovuja, aliazima vibanio vya nguo kwa mkewe na kwa majirani, akatundika kesi za miaka sita kwenye kamba uani, wizi huku, talaka kule, akakaa chini yake na fimbo kufukuza kuku. Haikupotea hata karatasi moja. Mkewe anasema vilivyopotea ni vibanio.

Sifa yake kubwa ilikuwa rafu ya chini, karibu na dirisha, wanakokaa walioshtakiwa kwa kuendesha gari wakiwa wamelewa. Kompyuta ilipoletwa, vijana walioifunga walitamba kwamba sasa faili itapatikana kwa kubonyeza tu. Wakashindana naye. Kompyuta iliuliza jina. Yeye aliuliza siku, na gari. Kompyuta ikasema hakuna mtu kama huyo, wakati yeye keshapangusa vumbi la faili na kuiweka kaunta. Aliwaeleza kwa upole kwamba mlevi akikamatwa hutaja jina la utani, au la shemeji yake, lakini namba ya gari haina shemeji. Na anayekamatwa Jumamosi humtafuti Jumamosi, maana huandikwa kwenye daftari la kijani Jumatatu.

Waliofika dirishani kuuliza adhabu walikuwa daima wanaulizia kwa niaba ya rafiki. Naye alimwuliza kila mmoja huyo rafiki alipimwa pumzi saa ngapi, na wengi walijibu, "Nilipimwa saa nne." Hakuwacheka mbele yao. Mwishowe aliandika bango kwa mkono wake, kwa maneno ya kawaida: faini ni nini, kufungiwa leseni ni nini na huisha lini, kosa la pili lina uzito gani kuliko la kwanza, na kwa nini kesi yenye majeruhi hupelekwa chumba kingine. Hakimu alilisoma bango lile, akaomba nakala.

Mimi pia nilikwenda kwa niaba ya rafiki. Rafiki huyo ni baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha mikate. Sasa ni mpakiaji. Kila alfajiri hupakia mikate kwenye gari lilelile, kisha husimama pembeni mwenzake akiliondoa. Nyumbani tuliambiwa macho yake yamechoka. Shuleni msichana mmoja wa darasa letu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika vizuri, kwamba baba yangu alilewa akaua mtu. Kuanzia siku hiyo sikuweza kumtazama baba usoni. Nilimwekea chai mezani na kuondoka kabla hajaketi. Alikunywa, akaosha kikombe mwenyewe.

Karani aliniuliza siku, na gari. Siku sikuijua, ila mwezi niliukumbuka. Gari ningelitambua hata usingizini. Akaniambia kwamba hukumu iliyosomwa mlango ukiwa wazi ni ya kila mtu, na kwa hiyo sikuwa mwizi, lakini faili ya mtu haisomwi kwa kusimama. Akazunguka kaunta na kiti chake mwenyewe, nikaketi. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Jina la baba lilikuwa pale, limepigwa chapa, na chini yake shtaka. Nikaanza kulia kijinga, bila sauti, kama mtu aliyemeza pilipili. Karani akaifunga faili na kuigeuza kifudifudi mapajani mwangu.

"Anza nyuma, mjukuu wangu. Mbele wameandika alichofanya. Nyuma wameandika alipofika."

Nilianza nyuma. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeumia, kilichogongwa ni ukuta wa kituo cha mafuta. Alikiri siku ileile ya kwanza. Faini ilishalipwa. Leseni ilifungiwa miezi kumi na minane, na miezi hiyo iliisha mwaka jana. Na nyuma ya vyote hivyo, imebanwa kwa pini, palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha leseni yenyewe, na sura ya baba akiwa bado na nywele nyingi. Barua ya kumwita aje kuichukua ilitumwa kiwandani, idara ya madereva, ambako hakuna tena dereva wa jina hilo.

Karani alisema mtu aliye kizimbani husikia neno moja tu. Baba alisikia "imefungiwa". Hesabu ya miezi ikampita juu ya kichwa. Nikakumbuka alivyompa mjomba miwani yake ya jua ya safarini, akisema hatakuwa na kazi nayo tena maisha.

Niliomba nipewe bahasha nimpelekee. Akakataa: leseni huchukuliwa na mwenyewe, kwa saini yake. Ila aliahidi kwamba haitatoka rafu ile yeye akiwa kazini. Nilipofika mlangoni aliniita. "Geuza sweta yako. Wewe hukushtakiwa."

Miezi saba imepita. Chai siku hizi nakunywa na baba, meza moja, na bado sijasema. Kutaja bahasha ni kukiri kwamba nilimpekua. Kila jioni nimekuwa nikijiambia kesho. Sasa mama mdogo amenieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba karani akishaondoka Ijumaa, Jumatatu faili za zamani zitahamishiwa ghala kuu, mji mwingine.

Wasifu huu nimeuandika siku tatu, na kila alipopita mtu mlangoni niliuficha chini ya daftari la hesabu. Sasa nasikia ndala zinakuja, ya kulia ikiburuta. Huyo ni baba. Mkono umeshafika kwenye daftari, nami nauondoa. Nitaziacha karatasi mezani, ya mwisho ikiwa juu, aanzie nyuma. Ukiona haya yamechapwa kwenye ratiba ya sherehe, ujue ameyasoma na ameruhusu.

Karani wetu, asante kwa kiti chako, na kwa midomo iliyofungwa miaka thelathini na minne juu ya aibu za mtaa mzima. Tunakutakia ustaafu wa afya, nyumba isiyo na ngazi, na vibanio vya kutosha.

Na wewe unayeingia sasa, baba: leseni yako ipo, rafu ya chini, karibu na dirisha. Miezi iliisha. Ijumaa karani yupo mpaka saa tisa, na nitakwenda nawe.