Mwanamke wa Ndani ya Gari la Ndizeye

Pale Kamembe, mpakani na Congo, ukitoka sokoni kabla njia haijakunja kwenda Gihundwe, kuna ubao umelazwa juu ya matofali, na ubao huo unajua mambo ya mji kuliko redio. Mwenyewe ni Maman Patricie, muuza kahawa, ambaye watu wamembandika jina la Duane, yaani forodha, kwa kuwa hakuna habari inayopita mbele yake bila kufunguliwa mizigo. Upande mmoja hukaa Muderhwa, fundi wa redio aliyekulia Bukavu. Huyo wanamwita Voltage. Upande wa pili ni Mzee Ntabaza, muuza vitenge, mwenye kofia nyeupe isiyojua doa. Jina lake la kijiweni ni Dubai. Alikwenda huko mara moja tu zamani; kwa mwili alirudi, kwa maneno bado yuko huko. Basi asubuhi ile Ndizeye, dereva wa taksi, alisimamisha mbele ya ubao gari lake aliloagiza kutoka Korea, akashuka bila kuzima. Wote watatu wakageuza shingo, vikombe mkononi. Ndani ya gari mwanamke alikuwa anazungumza, sauti tamu kama anayekaribisha wageni, na ndani ya gari hakukuwa na mtu.

— Duane, nipe kawa, alisema Ndizeye. Ile ya kuamsha maiti. Saa kumi tunapanda Mururu, na huyu mwanamuke asiponyamaza, mimi sina bibi tena.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mji mzima ulijua kwamba Umuhire, mkewe, alifunga mtoto mgongoni akarudi kwa mama yake Mururu. Na kwetu mke akirudi kwao kwa hasira, mume hampigii simu kumwita kama anayeita taksi. Anapanda na wazee wake na pombe ya ndizi, wazee wanasema, yeye anaangalia chini. Wajomba wa Ndizeye walibaki Congo, kwa hiyo wazee wake walikuwa ndio hawa, wa ubaoni. Maskini mtoto wa watu.

— Lakini eleza vizuri, alisema Maman Patricie, ambaye habari hiyo alishaisikia mara nne na bado aliiona mpya. Umuhire alimusikia namna gani?

— Simu, Maman! Hii gari inakamataka simu yangu yenyewe. Umuhire akipiga, anasikilikana mu gari muzima, na huyu naye anaingilia katikati. Siku ya kwanza Umuhire aliuliza ni nani. Nikamuambia ni redio. Siku ya pili nikamuambia ni gari. Siku ya tatu nikamuambia ni Mukorea.

— Eeh! Maman Patricie alipiga paja. Mwanamuke mumoja, majina tatu! Hata miye ningefunga mutoto.

— Lakini yote ni kweli!

— Kweli ikikuwa tatu, mwanangu, muntu anachagua ile mubaya.

Ndizeye alimeza kahawa ikamchoma, akashukuru kupata kitu kingine cha kumuuma. Ndani ya gari kengele ndogo ililia, ting, na mwanamke akaanza tena, maneno yale yale, kwa uvumilivu ule ule. Dubai aliinuka, akaingiza kichwa dirishani, akatazama kioo kile kipana cha katikati, kilichojaa herufi za Kikorea kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika.

— Hii ni karata ya njia, ramani, alitangaza. Angalia mushale. Ule mushale njo siye.

— Na hii bluu yote ni nini? aliuliza Ndizeye.

— Bahari.

— Mzee, gari yangu iko hapa Kamembe!

— Kwa macho yako. Kwa serikali ya Korea, tumeshazama.

Voltage alicheka kicheko cha fundi, kile kinachoanza kupandisha bei kabla hajagusa kitu.

— Hakuna cha bahari. Ni antene. Hii redio iko inakamata Korea. Nchi yetu iko juu, milima tupu, sauti inaruka inagonga hapa.

— Korea yenyewe inasemaka maneno tano tu mwezi muzima? aliuliza Maman Patricie.

— Labda ni matangazo ya kifo.

— Ah, basi hapo njo umesema! Maman Patricie alisogea, kijiko mkononi. Miye nilijua. Hii gari mwenyewe alikufa ndani. Huyu ni bibi yake. Anaita bwana yake. Munasikia namna anamubembeleza? Muntu haiko anabembeleza bure.

— Usiniletee mapepo, Maman, alisema Ndizeye, lakini alirudi nyuma hatua moja.

— Mapepo? alisema Dubai. Kama ingekuwa mapepo ningekuwa nafurahi. Mapepo tunasomea, yanatoka. Ndizeye, wakati ulilipa hii gari, haukusaini karatasi za Kikorea?

— Nilisaini mingi.

— Ulisoma?

— Mzee, Kikorea!

Dubai aliivua kofia yake, akaipulizia, akairudisha, kama jaji anayetaka kusoma hukumu.

— Kule Dubai niliambiwa. Bakorea hawauzake gari kwa mwanaume pekee yake. Wanasema mwanaume pekee yake ataendesha vibaya. Basi karatasi moja mu zile ni ya ndoa. Kijana, umeoa.

Ndizeye alijua ni upuuzi. Alijua kabisa. Lakini aliikumbuka karatasi moja yenye muhuri mwekundu mkubwa kuliko nyingine.

— Sasa tunafanya nini?

— Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, alisema Dubai.

— Atalima wapi, mu tablo? aliuliza Maman Patricie, akionyesha dashibodi.

Voltage alikuwa ameshaingia. Alibonyeza pembeni ya kioo, kikatoa picha ya matako ya gari na kuku wa Maman Patricie akipita nyuma. Alibonyeza tena, picha ikalala kichwa chini. Alizungusha kitufe cha sauti kwenda kushoto; mwanamke akapaza. Alikizungusha kulia, akapaza zaidi, na mama mmoja aliyekuwa na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani ng'ambo ya njia akasimama kusikiliza.

— Samaki unakunja ingali mubichi, alisema Voltage akijifuta jasho. Hii imeshakauka. Tuivunje tu.

— Hapana kuvunja! alilia Ndizeye. Sijamaliza kuilipa!

— Basi tukate chakula yake. Kila kitu mu gari kinakulaka moto, umeme, kupitia fyuzi. Tunatafuta yake, tunaitoa, anakufa na njaa.

Aliinama chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akaanza kuzing'oa moja moja kwa vidole, kama anayeng'oa meno ya mtoto. Ya kwanza ilizima taa ya ndani. Ya pili, vioo vya madirisha vikagoma katikati, si juu si chini. Ya tatu, Ndizeye alijaribu honi, honi ikakaa kimya kama mkwe mezani.

— Penye wengi hapaharibike neno, alisema Dubai kumtia moyo.

Mwanamke naye aliendelea. Ting, na maneno yake.

Kisha Voltage aling'oa moja nyingine, ndogo, ya bluu. Kioo kikawa cheusi. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Walisubiri. Mlio wa injini tu. Walisubiri zaidi, shingo zimenyooshwa. Kimya.

— Mungu mukubwa, alisema Ndizeye, akakaa ubaoni.

Basi ikawa sherehe. Maman Patricie alimimina kahawa bila kuuliza nani analipa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Voltage aliibusu fyuzi akaiweka mfukoni. Dubai alianza kupanga safari: yeye angekaa mbele, Voltage nyuma na kidumu cha pombe, kwa kuwa yeye Dubai ni Mwislamu, pombe habebi, yeye atabeba maneno. Alishayaandaa maneno yenyewe, kuanzia babu zao walipovuka mto Rusizi. Ndizeye aliwatazama akaona wazee wake ni wazuri. Aliona mkeka wa mama mkwe, Umuhire anatoka chumba cha ndani na mtoto, wanapanda gari, gari limetulia kama kanisa siku ya Jumatatu.

Akiwa bado huko mawazoni, mwavuli ulisimama mbele ya ubao.

Chini ya mwavuli alikuwa Mukabera, shangazi yake Umuhire. Mama mkwe ndiye mwenye nyumba, lakini Mukabera ndiye mwenye mdomo wa ukoo ule. Akisema mtoto anarudi kwa mumewe, anarudi. Akisema anabaki, hata padiri na shehe washikane mikono hawamtoi.

— Mwaramutse, alisema Mukabera, akiwaamkia.

Walimjibu wote wamesimama. Ndizeye alisimama akamwaga kahawa kwenye suruali.

— Shangazi! Tulikuwa tunakuja saa kumi.

— Ninajua. Mama yake Umuhire aliniambia, mbele wazee hawajapanda na pombe, shuka wewe uangalie na macho. Nimekuja kumuona ule mwanamuke. Umuhire anasema iko mu gari. Iko wapi?

Maman Patricie aliangalia birika lake. Dubai aliangalia mbinguni. Ndizeye alijifuta kahawa kwenye suruali.

— Tumemutoa sasa hivi, Maman, alisema Voltage, ambaye kimya humuumiza. Ungefika mapema kidogo ungemukuta.

— Mumemutoa.

— Tumemuua, alisahihisha Dubai, ili kuonyesha kwamba kazi ilifanywa sawasawa.

Mukabera alifunga mwavuli polepole.

— Basi alikuwako, alisema.

Hapo ndipo Ndizeye alipoona walichokifanya. Shahidi wake alikuwa mmoja tu duniani, na wamemnyamazisha kwa mikono yao wakanywea kahawa juu yake. Alirukia mfuko wa Voltage, akaitoa ile fyuzi ya bluu, akajipenyeza chini ya usukani akairudisha. Kioo kikawaka. Shangazi akasogea. Badala ya karata na bahari, kikatokea kistari kimoja cha maandishi, na chini yake visanduku vinne vitupu. Hakuna kengele. Hakuna sauti.

— Inaomba namba ya siri, alisema Voltage kwa sauti ya chini. Hizi redio zikikatwa moto zinasahauka kila kitu.

— Namba gani?

— Mwenyewe njo anajua. Wa Korea.

Ndizeye alibonyeza sifuri zote. Alibonyeza mwaka wa kuzaliwa kwake. Kisha akapiga magoti kwenye mlango wa gari, mkono juu ya tablo, na maneno yakamtoka bila kupita kichwani.

— Maman, tafazali. Sema kidogo tu. Nilikukosea, nilikuita makelele. Pardon. Uko na sauti nzuri, kweli, hata njia ya Bugarama ilikuwa inakuwa mufupi. Rudi. Nitakusikiliza mpaka umalize. Sitakukata tena. Miye bila weye nimeisha.

Alibembeleza hivyo mpaka jasho likadondoka kwenye kiti. Mama wa sambaza alishavuka njia, amesimama karibu kabisa. Gari halikumjibu kitu.

— Ndizeye, alisema Mukabera.

— Karame, Shangazi, aliitika.

— Maneno kama haya, Umuhire ulimuambiaka siku gani?

Ndizeye alibaki magotini, akatafuta. Siku ya kuomba mchumba, wazee walisema, yeye alikaa anachezea tai. Siku ya harusi alisema msemaji mwenye kipaza sauti. Mtoto alipozaliwa alituma mtu na fanta na chupa ya maziwa. Mke alipoondoka, alikuja hapa ubaoni kutafuta watakaosema. Alimgeukia Dubai, mwenye maneno tangu babu walipovuka mto. Dubai alikuwa anaikagua kofia yake, na safari hii hakuona cha kupuliza. Maman Patricie, aliyejua ya kila nyumba kuanzia Gihundwe mpaka ziwani, hiyo hakuwa nayo.

— Zima hii gari, alisema Mukabera. Unapanda na miguu, na miye.

— Na wazee?

— Wazee bakunywe kawa yao.

— Na pombe, Maman? aliuliza Voltage.

— Pombe ataibeba mwenye bibi.

Basi Ndizeye alizima gari, akatoa kidumu nyuma ya gari, akakiweka begani, akamfuata yule mwanamke mwenye mwavuli. Njia ilipoanza kupanda na nyumba kuwa chache, aliangalia kushoto na kulia kuona kama hakuna anayemjua, akasafisha koo.

— Umuhire, alianza, nilikuwa...

Maneno yakamkwama hapo. Mukabera hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

— Sikusikia, alisema. Anza tena.